Ndoo Iliyo Chini ya Kitanda

Sikilizeni, wanangu, na kabla hamjasikiliza fungeni mlango, kisha wewe mdogo uufungue tena uangalie kama kuna mtu amesimama kwenye ngazi, halafu ufunge. Hakuna mtu? Haya. Msinicheke. Najua huko mtaani wananiita Bi Kagua, na nyinyi wenyewe mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiniigiza ninavyogeuza sahani kutazama chini yake kabla ya kula, lakini mwanamke aliyekagua kila kitu amefika uzeeni na meno yake yote, na huo si ushahidi mdogo. Kaeni. Mkubwa, kaa kwenye kiti cha baba yako, mguu mmoja umelegea lakini kitakubeba. Binti, kaa hapa kitandani, miguuni pangu. Na wewe kitinda mimba kaa sakafuni, mahali ninapoweza kuiona mikono yako.

Na hiki kitambaa cha kichwa kiacheni. Tangu asubuhi mnapokezana kutaka kunifunga, huyu anasema Mama kimeteleza, yule anasema Mama utapata baridi. Kiacheni kiteleze. Nitawaambia sababu nikifika huko, kama pumzi itanifikisha.

Sitazunguka. Daktari amewaambia pale ukumbini, mkidhani sisikii, kwamba mapafu yangu yamechoka na hakuna la kufanya ila kuniacha nipumzike. Mapafu haya hayakuchoka kwa uzee. Baba yenu alikwenda kwa kifua hikihiki, na mama yake kabla yake, na nusu ya watengeneza ngozi wa mtaa huu, na nyinyi mlizaliwa ndani ya harufu ile mkadhani ndiyo harufu ya dunia. Mnakumbuka? Ngozi mbichi inatiwa kwenye birika la chokaa na ile dawa inayonuka mayai viza, inalala humo mpaka manyoya yalegee, na sisi tunainama juu ya birika tukikwangua, mvuke wote unatuingia puani, na maji machafu yanatoka kwa mfereji, yanapita mbele ya milango yetu, yanaingia mtoni, na mto nao unayapeleka kwa watu ambao hata hawatujui. Baba yenu mikono yake iliungua mpaka alama za vidole zikafutika. Alipokwenda kuomba kitambulisho karani akamwambia, "Mzee, wewe huna vidole." Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma. Siku nilipoikunja mikono hiyo kifuani pake sikucheka.

Kisha akaja huyu binti na mambo yake. Nawakumbusha kwa sababu mmezoea, na mkizoea mnaona kama kitu kilikuwepo siku zote. Alirudi kutoka chuoni na kijichupa mfukoni akasema, "Mama, humu mna vijidudu vinavyolegeza manyoya bila chokaa wala ile dawa. Ukivilisha pumba vinafanya kazi." Nami nikamwambia, "Vitoe humu ndani kabla sijakutoa wewe." Kwa muda mrefu sikugusa maji ya jikoni kwangu, nikawa naomba ya kunywa kwa jirani, nikiamini kwamba vijidudu hivyo vikimaliza ngozi ya ng'ombe vitahamia kwenye yangu. Ulikuwa ujinga mtupu. Binti alinivumilia, akanieleza leo, akanieleza kesho, kwamba vile vinakula tu kile kinachoshikilia unywele kwenye ngozi ya mnyama aliyekufa, na ili nimwamini akaitumbukiza mikono yake miwili ndani ya ndoo mbele ya macho yangu akaiacha humo huku anapiga hadithi. Nilikubali. Sikukubali sana, lakini nilikubali.

Na ngozi ya kwanza ilipotoka, manyoya yalitoka kama unamvua mtoto fulana. Mkubwa, wewe ndiye uliyekuwa umeshika kisu cha kukwangulia, ukabaki umekishika tu, huna cha kukwangua, umetoa macho. Baadaye maji ya mfereji yakaacha kuwasha miguu ya watoto, na vyura wakarudi, wakaanza kutunyima usingizi kwa makelele, na mimi niliyewatukana vyura hao kila siku nilikuwa moyoni nafurahi. Mlikuwa hamjui hilo. Sasa mnajua.

Lakini tegeni masikio hapa, maana hapa ndipo penye roho ya maneno yangu. Wenzake binti wa chuoni walihofu, na walikuwa na haki ya kuhofu, kwamba vijidudu hivi vikitoka na maji vitakwenda kuzaana mtoni, na nani ajuaye vitafanya nini huko. Kwa hiyo wakavitengeneza visiweze kuishi mpaka vipewe unga fulani wa pinki. Bila unga vinakufa. Wakaja hapa wakakaa kwenye viti hivi, vijana wazuri, wana adabu, wakatueleza sote mpango wao, na mtaa mzima ukapiga makofi. Mimi nikauliza unga wa pinki unatengenezwa wapi. Wakaangaliana. Nikauliza, aliye na unga akitukasirikia je? Mmoja akacheka akasema, "Mama, kwa nini atukasirikie?" Nikamwangalia binti yangu, na binti yangu akawa haniangalii tena, anaangalia sakafu, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Mimi niliuliza tu, na kuuliza hata kasuku anauliza. Aliyelipatia jibu ni yeye. Alirudi chuoni akakonda, akagombana na wakubwa wake, akaharibu ndoo baada ya ndoo, mpaka akapata vijidudu vinavyohitaji kitu kinachopatikana kwenye mabaki yale tunayokwangua nyuma ya ngozi, tukayachemsha yakawa rojo, tukaliacha lipoe. Kitu hicho mtoni hakipo, kwa hiyo vikifika mtoni vinakufa. Kwenye karakana ya ngozi kipo, iwe ya tajiri au ya fukara, na hakuna mtu anayeweza kukaa juu yake akatunyima. Binti, sijawahi kukusifu mbele ya watu, nilidhani utavimba kichwa. Kazi ile ilikuwa kubwa. Nimejivunia wewe tangu siku ile mpaka leo hii.

Basi tukabaki na swali la pili, na hili nalo lilinikosesha raha: hiyo chachu yenyewe, ile pumba yenye vijidudu hai, atakaa nayo nani? Mlikuwepo kwenye mkutano ule, kwenye chumba cha juu cha kuanikia ngozi, kila mtu anasema chachu iwe ya wote, chachu iwe ya wote, na wakati wanasema hivyo kila mmoja anapiga hesabu kimoyomoyo jinsi atakavyokuwa nayo peke yake. Niliwaona. Mimi mwenyewe nilikuwa nayapiga hayo mahesabu. Na jirani yetu wa ukuta wa pili, Mzee Kikohozi, akakohoa kile kikohozi chake kirefu, tukangoja amalize, akasema, "Humu ndani hakuna anayemwamini mwenzake. Tusijidanganye. Tupange mambo yetu kama watu wasioaminiana." Nikampenda mzee yule siku hiyo kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Ndipo tukaweka ule utaratibu. Ndoo ambayo ndiyo mama wa chachu yako, usiitunze wewe. Anaitunza jirani, na wewe unatunza ya jirani mwingine. Unachukua kwake ya kufanyia kazi, yako ikikufa mkononi unakwenda kwake, na ukipata tamaa ya kwenda kuuza au kuficha, ulicho nacho nyumbani si chako, na chako kiko nyumbani kwa mtu. Kila karakana imemshika mwenzake shati. Wale vijana wa chuoni walisikia wakasema ni jambo zuri sana, ni mshikamano. Mimi nikasema si mshikamano, ni shaka, ila ni shaka iliyopangwa vizuri. Na tangu hapo hakuna karakana iliyokosa chachu katika mtaa huu, hata mwaka wa yale mafuriko.

Nipeni maji. Kidogo. Hapana, mkubwa, nionyeshe kwanza bilauri. Haya.

Sasa yule mwanamke wa tabasamu. Mnamjua, yule wa kampuni, aliyekuja na gari jeupe akaliegesha mbele ya mlango wetu na kuziba njia ya mikokoteni. Aliingia humu akanishika mikono yote miwili, akaniita mama, akanivika kilemba cha ukoka mpaka nikatamani kujitazama kwenye kioo. Akasema kampuni yao inataka jamii yenye haki, kila mtengeneza ngozi wa kila mahali apate chachu yetu, safi, kavu, kwenye pakiti. Nikamwuliza, "Mwanangu, hiyo ya pakiti nikiilisha pumba itazaa?" Akatabasamu. Nikamwuliza tena. Akasema haina haja ya kuzaa, wao wataleta nyingine. Nikamwambia haki yenu ni nzuri ila naona ina mfuniko, na mfuniko umeushika wewe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu unayemwambia maneno kama yale asikasirike, ujue ana njia nyingine ya kuingilia.

Na kabla hajaondoka akateleza ulimi. Alisema, "Na lile rojo lenu linaloua chachu likiwa la moto, sisi hatutahangaika kulipoza kwanza." Wanangu, habari hiyo ya rojo la moto haijaandikwa popote, na mtaani wanalipoza kwa mazoea tu. Tuliizungumza humu chumbani, sisi wanne, siku binti alipotueleza kwamba rojo la moto linaua chachu yote kwa mara moja. Mimi sikumwambia yule mwanamke. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari, nikampungia mkono, nikarudi nikakaa kitandani hapa, nikawahesabu tuliokuwemo humu siku ile.

Basi ndiyo siku chache baadaye ikawa ile vurugu yangu na Kikohozi juu ya mfereji. Mtaa mzima mliona. Alikuwa amegeuza mfereji wake maji yake yapite mlangoni kwangu, akaniita mchawi, nikamwita kobe, nikaingia kwake nikatoka nimebeba ndoo yetu kichwani, napiga kelele kwamba utaratibu umekwisha na kuanzia leo chachu ya nyumba hii italala chini ya kitanda changu. Nikaiweka hapa. Nikaifunika kitambaa cheupe, nikakifunga kwa kamba. Nyinyi watatu mlinisihi nisivunje utaratibu, kila mmoja kwa njia yake, na mimi nikawafukuza.

Tangu siku ile nimekuwa nawatazama. Msiinamishe vichwa, semeni mnachotaka kusema moyoni, mimi nitasema kwa sauti.

Wewe mkubwa. Mgongo wako umekwisha, nakusikia unavyopanda ngazi. Ulisikika ukisema kwamba kwenye kiwanda cha kampuni msimamizi anakaa kwenye kiti chenye magurudumu na hashiki kitu kizito. Ulilisema kwa mzaha. Mtu mkimya kama wewe akifanya mzaha mimi huwa sicheki, nafikiri.

Wewe binti. Mkuu wako wa chuo amekwisha kukaa upande wao, na maabara mpya ile inajengwa na nani? Na uliwahi kuniambia neno ambalo mpaka leo sina jibu lake zuri. Ulisema, "Mama, ndoo haitembei mbali. Kuna watu mito mingine wanaokufa kwa kifua, na mpaka jirani aje kwa jirani, wao watakuwa wamekwisha." Ulisema ukilia. Mtu anaweza kutoa ndoo kwa tamaa, na mtu anaweza kuitoa kwa huruma, na mkono wa huruma ni mgumu zaidi kuukamata.

Na wewe mdogo wangu. Umepanda lile gari jeupe. Usikatae, ulishukia pembeni ya duka la misumari ukadhani dirisha langu halifiki pale. Una viatu vipya, nimevikagua ukiwa unaoga, na ngozi ile si yetu, imelainishwa na mashine. Ulimi wako ni mtamu tangu utotoni, ulikuwa ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nami najua na bado nakupa unachotaka.

Basi mimi mama yenu nimelala hapa miezi hii nawashuku watoto niliowazaa, mmoja mmoja, na wote kwa pamoja, na kila mnaponiletea uji nawaza, ni huyu? Hamjui uchungu wake. Nimewashuku wauza ngozi, wenye pumba, madaktari, karani wa kitambulisho, wote hao ni raha tu. Kumshuku mtoto wako ni kumeza jiwe asubuhi, mchana ukalimeza tena.

Sasa binti, inama, itoe hiyo ndoo chini ya kitanda. Iweke hapa katikati. Usiifungue, mimi nitawaambia kilichomo. Kamba ile niliifunga mimi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia vidole havikunjiki tangu enzi za dawa ile, kwa hiyo fundo langu huwa limegeukia ukutani. Hili hapa limegeukia mlangoni. Limefunguliwa, likafungwa tena vizuri sana, na mtu mwenye mikono miwili mizima. Na ndani, nilivyochungulia kwenye upindo wa kitambaa bila kugusa fundo, pumba imechotwa, kisha juu ikasawazishwa kwa kijiko ili isionekane imeguswa. Mnasikia? Ikasawazishwa. Na mpaka leo iko sawa, laini kama meza.

Naona mkubwa umeelewa. Na binti umeelewa. Chachu iliyo hai huisawazishi. Ukiisawazisha jioni, asubuhi imevimba, imepasuka, imejaa vishimo, kila mtu aliyekulia mtaa huu anajua hivyo hata akiwa usingizini. Aliyefungua ndoo hii alikuwa na haraka, au na hofu, au na aibu, hata akasahau jambo analolijua. Humu hamna kitu hai, wanangu. Ni pumba niliyoichemsha kwa mikono yangu siku ileile. Ile niliyotoka nayo kwa Kikohozi kichwani ilikuwa ndoo tupu, nilivyokuwa napiga kelele mlidhani nzito. Mfereji ni ugomvi wa kweli, na yale matusi yalikuwa ya kweli, ila ndoo yetu haikuondoka kwake hata siku moja. Iko pale ilipokuwa. Mzee anayenichukia ndiye aliyenitunzia, na mimi nimeendelea kutunza ile ya jirani mwingine, na mimi na mzee hatujasalimiana tangu hapo.

Kwa hiyo mmoja wenu amewapelekea wale watu uji wa pumba kwenye kijichupa. Wameshaona kwamba umekufa. Kile alichoahidiwa hatakipata, na hana wa kumlalamikia. Namwonea huruma. Nasema kweli, namwonea huruma sana.

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Haya, mali. Sikilizeni na msinikatize. Karakana ni ya mkubwa, mabirika, visu, meza, na kile chumba cha juu. Lakini ghala la pumba ufunguo wake anao binti, na mkubwa hatafanya kazi wiki moja bila kuja kumwomba. Nyumba hii ni ya binti. Lakini chumba cha mbele ni cha mdogo, na hakuna wa kumtoa humo ila mkubwa akubali. Duka la mikoba na viatu ni la mdogo, maana ulimi ule ni heri uuze viatu kuliko kuuza kitu kingine. Lakini ngozi atachukua kwa kaka yake tu, na kaka yake hatamwuzia mtu yeyote ngozi ile nzuri ya mgongo kabla ya kumwuzia yeye. Mnaona nilivyofanya? Kila mmoja nimempa chake, na nyuma ya chake nimemwekea mwenzake. Mtaniita mwenye roho mbaya. Mama anayewapenda watoto wake anaweza kuwaachia kila mmoja fungu lake waagane salama. Mimi nataka msiagane.

Deni tunalo moja, na si la fedha. Mwaka wa mafuriko ndoo zote za upande huu zilizama, zetu na za majirani, na watengeneza ngozi wa ng'ambo ya mto ndio waliotuletea chachu kutoka kwenye ile tuliyowapa sisi wenyewe zamani. Tulichukua hatujarudisha. Binti, deni hilo ni lako, kwa sababu ya neno lako lile. Umesema ndoo haitembei mbali. Itembeze. Nenda ng'ambo, na kutoka ng'ambo wakupeleke mbele zaidi, kila mahali uache ndoo na uchukue ndoo, uwafundishe na rojo na kulipoza, uwafundishe na kutiliana shaka. Itakuwa polepole, najua, na wengine watakufa kabla hujafika, na hilo linaniuma. Lakini kitakachofika kitakuwa chao, hakuna mtu atakayekuja kukifunga mfuniko.

Mwili unaniisha. Bado maneno machache.

Nikishaondoka mtakwenda kwa Kikohozi. Nyote watatu. Mchana, kwa mlango wa mbele, mtaa uwaone. Tulikubaliana mimi na yeye siku ileile ya ndoo, humo ndani kwake, kwamba akija mmoja hatampa, wakija wawili hatawapa. Mtasimama watatu mbele yake, na ndoo itabaki kwake vilevile, mtachukua tu ya kufanyia kazi, na mtaendelea kutunza ya mwenzetu kama zamani. Atakohoa. Atanitukana, mwacheni anitukane mpaka achoke, ana haki hiyo. Mkubwa, msaidie kubeba vitu vizito, naye mgongo wake umekwisha. Ila mfereji... mfereji ule ni kazi yake kuurudisha ulikokuwa. Hilo msimwachie.

Nani analia? Hapana. Usigeuke, binti, usimwangalie. Na wewe usimwangalie. Tazameni mimi.

Hiki kitambaa. Nimesema nitawaambia. Mimi ndiye niliyewafundisha kufunga fundo, nyote watatu, kwenye kamba ya kuanikia, mkiwa hamjafika hata kiuno changu. Kila mmoja wenu anafunga kwa namna yake. Huyu anazungusha mara mbili, huyu anavuta juu, huyu anaficha ncha ndani. Nawajua kwa vidole, hata gizani. Mkinifunga kitambaa hiki chini ya kidevu nitapapasa fundo, nitajua kama ni mkono uleule uliofunga ndoo. Mara moja tu nitajua. Na lile la kwenye ndoo nililipapasa... nikauondoa mkono upesi, kabla vidole havijaniambia. Nimelala nalo hapa, hilo fundo, kati yetu ubao wa kitanda tu, na sijaligusa tena.

Nimekagua maisha yangu yote. Hili sikagui.

Kwa hiyo aliyefanya, sikujui. Umesikia? Mama yako hakujui. Ninayemjua ni yule niliyemshika mkono akavuka mfereji. Nawaombea nyote baraka moja, sigawi, Mungu awape mikono mizima mpaka uzeeni, na pumzi ndefu, na mtu wa kumwendea ndoo ikifa. Mpendane kama mnaweza. Kama hamwezi, shikaneni mashati.

Sogeeni. Hivyo. Mikono yenu ina joto.

Nikishafumba macho... mnikague kwanza, vizuri, msije mkanizika nasikia... ndipo mmoja wenu anifunge kitambaa. Yeyote.

Sasa fungueni ule mlango, wanangu. Uacheni wazi.